Soma Barafu Kabla ya Kuivunja: Hitilafu za Kuyeyusha katika Vyumba vya Kugandishia

Kila ninapoitwa kukagua chumba cha kugandishia ambacho koili yake, yaani mabomba yanayopoza hewa ya chumba, imefunikwa na barafu, huomba jambo moja kabla sijafika: barafu hiyo isiguswe. Mwenye chumba huwa na haraka, kwa kuwa bidhaa zimeanza kulegea, na mara nyingi nakuta ameshashika bisibisi. Ninamwelewa. Lakini mapezi ya alumini, vile vibati vyembamba vilivyoshikamana na mabomba ya koili, hupinda kwa urahisi, na bomba la shaba likitobolewa gesi yote ya kupozea hutoka. Isitoshe, barafu ikishavunjwa, ushahidi wa hitilafu hupotea pamoja nayo, kwa sababu mahali ilipojijenga na umbo lake ndivyo vinavyoonyesha kilichoharibika.

Chumba kikiwa kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri, koili huwa baridi zaidi ya hapo, hivyo sehemu kubwa ya unyevu ulio hewani huishia kuganda juu yake. Kwa hiyo utando mwembamba mweupe, uliotandaa sawasawa kati ya kipindi kimoja cha kuyeyusha (muda ambao taima huwasha hita ili barafu ya koili iyeyuke) na kingine, si ugonjwa. Wasiwasi uanze pale utando huo unapoziba nafasi za mapezi kwa usawa koili nzima, kwani hiyo ni dalili kwamba kuyeyusha hakufanyiki kabisa au kunakatizwa mapema. Theluji ikijikusanya upande gesi inapoingilia tu, huku sehemu nyingine ya koili ikiwa tupu, ninashuku upungufu wa gesi au vali inayoipitisha. Barafu ngumu inayong'aa chini ya koili na kwenye trei ya kukingia maji ni maji yaliyoyeyuka yakakosa njia. Ile inayoshika kwenye dari na kwenye kuta karibu na mlango husababishwa na hewa ya nje.

Nilijifunza kusoma dalili hizi kwa kukosea. Miaka ya mwanzo ya kazi yangu nilikuta koili iliyojaa barafu upande wa chini, nami, bila kupima chochote, nikaongeza vipindi vya kuyeyusha kutoka 4 hadi 8 kwa siku. Baada ya wiki moja hali ilikuwa mbaya zaidi. Niliporudi nikakaa ndani kutazama kipindi kizima, niligundua kuwa kihisi cha kukomesha kuyeyusha kilikuwa kimefungwa karibu mno na hita. Kilipata joto haraka na kuzima hita baada ya dakika chache, ilhali sehemu ya chini ilikuwa bado imeganda. Maji yaliyoyeyuka juu yaliteremka, yakakuta baridi, yakaganda upya, na mimi nilikuwa nimeongeza maradufu idadi ya mara jambo hilo lilivyotokea. Nilikihamishia kihisi mahali ambapo barafu huchelewa kuisha, nikarudisha vipindi 4, na tatizo likakoma. Tangu siku hiyo sibadilishi mpangilio wa taima kabla ya kutazama walau kipindi kimoja kwa macho yangu, tangu hita zinapowaka hadi feni zinapoanza kuzunguka tena.

Feni hizo nazo zichunguzwe. Hita zikishazimika, feni hazipaswi kuanza mara moja. Zinatakiwa kusubiri koili ipoe tena, ili matone yaliyobaki yagande pale pale badala ya kupeperushwa chumbani. Ukiona barafu kwenye makava ya feni na matone yaliyoganda darini mbele yake, huenda kihisi cha kuchelewesha feni kimekufa.

Kupima hita si kazi ngumu. Hita ya wati 1,000 kwenye umeme wa volti 230 huvuta takriban ampea 4.3, na umeme ukiwa umezimwa, ukinzani wake huwa karibu omu 53. Pima kila hita peke yake, kwa sababu palipo na hita tatu, moja ikikatika koili itaendelea kuyeyuka kwa sehemu, na aliyeridhika kwa kushika kava na kuhisi joto atadhani kila kitu ni kizima.

Usitegemee pia kwamba, baada ya kubadilisha kifaa kibovu, taima itaondoa yenyewe bonge lililokwisha kujijenga. Kilo moja ya barafu huhitaji takriban kilojuli 334 ili iyeyuke. Bonge la kilo 30 linahitaji zaidi ya kilojuli 10,000, ilhali hita za kilowati 3 zikiwaka dakika 30 hutoa 5,400, na sehemu ya joto hilo huishia kwenye chuma na hewa. Hamisha bidhaa, zima swichi kuu, hakikisha kwa mita kwamba hakuna umeme, kisha yeyusha lote kwa maji ya uvuguvugu, ukikinga mota na visanduku vya nyaya.

Trei ikiwa safi, mwaga maji ndani yake uone yanavyotoka nje. Bomba la kutolea maji lililo ndani ya chumba linahitaji mteremko, hita yake na kifuniko cha kuzuia baridi, na kona inayobakiza maji iwe nje, kwenye joto. Nimekuta nyingi zimewekwa ndani, zikaziba kwa barafu.

Mlango nauacha mwisho kuueleza, ingawa ndio ninaoukagua kwanza. Bana karatasi kati ya raba na fremu, kisha ivute. Ikitoka bila kukinza, hewa nayo inapita hapo. Fanya hivyo pande zote nne, hasa kwenye pembe, na uhakikishe hita ya fremu inafanya kazi, kwa sababu isipowaka raba huganda na kuchanika.

Siku ya pili rudi na tochi, dakika chache baada ya kipindi cha kuyeyusha kumalizika, uangalie mapezi ya chini kabisa.