Mwanangu anatishiwa kurushiwa picha zake, nilipe tu yaishe?

SWALI: Shangazi shikamoo. Mimi nauza mchele hapa Mwanjelwa. Wiki tatu hizi hela za mauzo zilikuwa zinapungua pungua nikawa namshuku binti wa kazi, kumbe ni mwanangu, yuko kidato cha pili, ana miaka 15. Nimembana akalia ndo kasema kuna msichana walijuana Instagram, anadai yuko Iringa, wakawa wanachati usiku usiku mpaka wakatumiana picha za utupu, sasa huyo msichana anataka elfu 50 kila Ijumaa la sivyo anazirusha kwenye grupu la WhatsApp la darasa. Keshatumiwa elfu 80 kwa vipande vipande. Baba yake hajui, akijua hapa patachimbika. Nilipe yaishe au niivunje hiyo simu? Mama J, Uyole.

JIBU: Marahaba mwanangu, pole sana. Kwanza kamwombe radhi huyo binti wa kazi.

Usilipe hata mia. Elfu 80 keshakula, amenyamaza? Si karudi tena.

Na simu usiivunje wala mtoto asifute chati hata zile za aibu, ushahidi wako wote umo humo. Kaa naye leo leo mpige skrinshoti: jina la akaunti, vitisho na tarehe zake, meseji za miamala zenye namba iliyopokea hela. Laini zetu zinasajiliwa kwa alama za vidole kwa hiyo polisi wana pa kuanzia, ingawa usishangae ikakutwa kwa jina la bibi wa watu asiyejua lolote. Mkimaliza ripotini akaunti huko huko Instagram, ndo ablokiwe.

Picha zenyewe usimtumie mtu, hata mjomba wake anayejifanya anajua mambo ya mtandao. Polisi waonyeshe kwenye simu hiyo hiyo. Kusambaza picha za utupu za mtoto ni kosa zito kwenye Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, na mtoto ni yeyote chini ya miaka 18.

Kesho nenda kituo cha polisi uulizie Dawati la Jinsia na Watoto. Ukiona miguu mizito anza na 116, simu ya huduma kwa mtoto, ni bure na hata yeye mwenyewe anaweza kupiga. Kuna pia huduma ya Marekani inaitwa Take It Down, bure vile vile, picha haitoki kwenye simu yenu, inatengenezewa namba yake tu ili Instagram, Facebook au TikTok waitambue ikipandishwa waitoe. Kwenye grupu la WhatsApp hapo haisaidii, ndo maana mwalimu wake wa darasa inabidi ajue mapema, kabla ya Ijumaa.

Sasa baba. Huyo "msichana" (mi wala siamini kama ni msichana) anakula kwenu kwa sababu mtoto anamwogopa baba yake kuliko anavyomwogopa yeye. Mwambie mzee wewe mwenyewe, mtoto akiwa hayupo hapo, na umwambie wazi kwamba aliyetenda kosa ni huyo mtu wa kwenye simu. Fimbo hapana. Wapo watoto wa umri huo waliojitoa uhai kwa mambo haya haya, kwa hiyo siku hizi mbili tatu asilale peke yake, hata kaka yake ahamie chumbani.

Hela za mchele mtaongea baadaye.