Je, barbeli ndiye samaki mwenye nguvu kuliko wote wa maji baridi?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mzaliwa wa Mwanza, sasa naishi Nottingham, Uingereza, na wikiendi navua kwa ndoana Mto Trent. Majuzi nilinasa barbeli wa kilo nne, akanitoa jasho kuliko karpi wa kilo nane niliyempata bwawani. Wenyeji wanasema hakuna samaki wa maji baridi anayemfikia kwa nguvu. Ni kweli, au ni maneno ya wavuvi tu? Na mbona nilipomwachia alilala ubavu?

JIBU: Marahaba, ndugu yangu. Kilo kwa kilo, ndani ya mto unaokwenda kasi, sijaona samaki wa Uingereza anayemshinda barbeli kwa ukaidi. Hapo wenyeji wako sahihi. Ila kumpima na karpi wa bwawani si haki, maana siku ile ulivutana na wawili: samaki na mto.

Samaki akiwa majini hana uzito wa kukuelemea. Kibofu chake cha hewa kinaubeba karibu wote. Unachokisikia mkononi ni msukumo wa mkia wake pamoja na maji yanavyomkumba. Na mkondo ukiongezeka kasi mara mbili, mkumbo wake huongezeka mara nne. Mtazame sasa barbeli alivyoumbwa: tumbo bapa, kichwa kinachoteremka, mapezi ya kifuani mapana. Akielekeza kichwa juu ya mto na kuyainamisha mapezi hayo, maji yenyewe yanamgandamiza kwenye changarawe. Bila shaka ulidhani umenasa jiwe, kisha jiwe likaanza kutembea.

Halafu kuna ufito wako wa kuvulia. Fito za barbeli huwa na urefu wa mita 3.6 hivi, na hupimwa kwa uzito unaoikunja ncha mpaka ifanye pembe mraba. Nyingi zinazotumika Trent ni za ratili 1.75, yaani takriban gramu 800. Maana yake ni kwamba ufito ukikunjika kiasi hicho, samaki anavutwa kwa gramu 800 tu, lakini mkono wako ulio upande mfupi wa wenzo unabeba mara kadhaa ya hapo. Sehemu kubwa ya jasho lako ilitoka hapo, na wavuvi wengi hawalifikirii hilo wanapokadiria nguvu za samaki.

Tukija kwa samaki mwenyewe, tofauti iko kwenye misuli na maisha yake. Paiki, samaki mla samaki wenzake, ni wa kuvizia: mapezi yake yamesogea nyuma karibu na mkia, anafyatuka kwa kishindo, kisha anachoka mapema. Trauti na samoni wana kasi na wanaruka. Barbeli haruki. Anashikilia chini, na ukimfikisha karibu na wavu ukidhani yamekwisha, anageuza kichwa na kushuka upya, tena na tena.

Hata hivyo, karpi wa kilo nane angekuwa kwenye mkondo uleule wa Trent, angemzidi barbeli wako wa kilo nne bila ubishi. Ana mwili mara mbili. Na tukiacha hesabu ya kilo kwa kilo, kambale wakubwa wa Mto Ebro, Hispania, hupita kilo 100, kama sangara wakubwa wa kwenu Ziwa Victoria. Barbeli wa Uingereza kufikisha kilo 9 ni tukio. Ukitaka kuonja tabia yake ukiwa likizo nyumbani, mtafute kuyu kwenye mito inayoingia ziwani. Ni wa ukoo mmoja naye, na anapenda maji yanayokwenda.

Kulala ubavu ndilo linalonigusa zaidi. Barbeli hupigana mpaka anaishiwa kabisa, misuli inajaa asidi na damu inapungukiwa oksijeni. Usitumie uzi mwembamba kwa kutaka raha ya mvutano mrefu. Tumia unaohimili ratili 10 hadi 12 umtoe haraka. Wavu uwe wa matundu madogo, kwa kuwa mwiba wa pezi lake la mgongoni una meno na hunasa. Mwache apumzike ndani ya wavu huohuo, majini, kabla ya kumpiga picha. Kisha mshike wima kwa mikono miwili, kichwa kikielekea mkondo unakotoka, maji yapite kwenye matamvua. Usimsukume. Akianza kukung'utika mikononi kwa nguvu zake mwenyewe, mwachie. Inaweza kuchukua muda mrefu kuliko mvutano wenyewe. Na kiangazi, mto ukipungua na maji yakapata joto, oksijeni huwa haba: siku hizo usimvue kabisa.