Kuhamia Orlando na familia: pa kupanga, na mji wenyewe uko wapi

Mkuu, umeuliza mambo mawili: familia inayotoka Texas ipange wapi ikiwa kazi ni ya hotelini Lake Buena Vista, na kama Orlando kuna mji wa kuishi au ni bustani za burudani tu. Mji upo, tena wenye watu wake na historia yake, ila anwani utakayochagua ndiyo itaamua kama utauona au utaishia kuona barabara kuu na maegesho.

Kwanza ramani. Disney World haimo ndani ya Jiji la Orlando. Imo kwenye vijiji viwili vyenye hadhi ya jiji, Bay Lake na Lake Buena Vista, ambavyo wakazi wake ni wachache mno, kama kilomita 30 kusini-magharibi ya katikati ya mji. Kati ya huko na mjini ipo International Drive yenye hoteli na ukumbi wa mikutano, halafu bustani za burudani za Universal. Mgeni anaweza kukaa wiki nzima bila kuvuka upande wa pili. Mwaka 2024 wageni walikuwa kama milioni 75, wakati eneo zima la Orlando na wilaya jirani lilihesabiwa watu milioni 2.67 katika sensa ya 2020.

Barabara itakayotawala maisha yako ni I-4. Mabango yake yanasema Mashariki na Magharibi, lakini inapopita Orlando inakwenda karibu kaskazini na kusini: "East" ni kuelekea katikati ya mji na Daytona, "West" ni kuelekea Disney na Tampa. Njia za kutokea za Disney ni kati ya 62 na 68. Kipande kinachochosha kuliko vyote ni kati ya Davenport, mji ulio kusini-magharibi ya Disney, na Disney yenyewe. Watu huvutiwa na kodi nafuu ya Davenport, kisha tofauti yote inaishia kwenye foleni na mafuta.

Kwa kazi ya Lake Buena Vista ningetazama kwanza Kissimmee upande wa magharibi, Hunter's Creek, na Buenaventura Lakes ambayo wenyeji huiita BVL. Horizon West ni mitaa mipya iliyojengwa kwenye mashamba ya zamani ya michungwa, inaingia Disney kwa nyuma kupitia barabara ya 429, lakini bei zake ni za juu. Poinciana ina nyumba kubwa kwa bei ya chini, na tatizo lake ni kwamba barabara za kutokea ni chache. Asubuhi moja yenye ajali inatosha kukuchelewesha zamu.

Kabla ya kusaini mkataba popote karibu na Disney, uliza kama mtaa umeruhusiwa kupangisha kwa watalii. Maeneo mengi ya Four Corners na jirani yake Davenport ndivyo yalivyo: jirani anabadilika kila Jumamosi, bwawa linapigiwa kelele usiku, na watoto hawapati wenzao wa kudumu. Uliza pia shule ambayo anwani hiyo hasa imepangiwa, maana mtaa mmoja unaweza kugawanywa mara mbili. Shule zinafunguliwa Agosti, wiki kadhaa kabla ya majimbo mengi ya kaskazini. Na wenye nyumba wengi wanataka kipato cha mara tatu ya kodi. Hapo ndipo wengi wanakwama na kujikuta kwenye moteli za barabara ya 192 wakilipa kwa wiki. Zitazame kama daraja la wiki chache tu. Ukilipa kwa wiki unalipia pia kodi ya mauzo na kodi ya utalii, na msamaha wa kodi hizo huja baada ya kukaa mfululizo zaidi ya miezi sita. Kule 192 kuna familia zinazolea watoto kwenye chumba kimoja huku wazazi wote wawili wanafanya kazi kwenye bustani za burudani. Hilo ni jeraha la mji huu na wenyeji wanalijua.

Mshahara: kima cha chini cha Florida ni dola 14 kwa saa tangu 30 Septemba 2025, na kinafika 15 tarehe 30 Septemba 2026. Anayepokea bakshishi anaweza kulipwa dola 3.02 pungufu ya hapo, bakshishi zikifidia. Jimbo halina kodi ya mapato, lakini kodi ya mauzo ni asilimia 6.5 Orange County, wilaya ya Orlando, na 7.5 Osceola, ambako ndiko Kissimmee iliko. Kitu ambacho matangazo ya kazi hayasemi ni kupungua kwa saa. Shule zikifunguliwa, mwisho wa Agosti na Septemba, hoteli hukata zamu. Panga kodi ya nyumba kwa hesabu ya saa 30 kwa wiki, si 40. Uliza pia maegesho ya wafanyakazi yako wapi: sehemu kubwa kama hizi huwa unaacha gari mbali na kupanda basi la ndani, kwa hiyo zamu ya saa moja asubuhi inataka uwe umeshafika nusu saa kabla.

Bila gari ni taabu kweli. Mabasi ya LYNX nauli ni dola 2 na unaruhusiwa kubadilisha basi, lakini njia nyingi zinapita mara moja kwa nusu saa au saa nzima. Treni ya SunRail, iliyoanza 2014, inakwenda siku za kazi tu. Haifiki Disney, haifiki uwanja wa ndege, na wikiendi, siku ambazo wafanyakazi wa utalii ndio wanahitajika zaidi, imelala. Sababu ni ya fedha. Kila chumba cha hoteli Orange County kinatozwa asilimia 6 ya kodi ya utalii, ila sheria ya jimbo inaielekeza hasa kwenye kutangaza utalii, ukumbi wa mikutano na viwanja vya michezo. Mwaka 2022 wapiga kura walikataa kuongeza kodi ya mauzo kwa senti moja kwa kila dola kwa ajili ya usafiri. Mimi naona hapo pana dhuluma: pesa inayoletwa na jasho la mfanyakazi haimnunulii hata basi la kumrudisha nyumbani.

Gari lako la Texas: una siku 10 tangu uanze kazi au uandikishe mtoto shule kulisajili Florida, na siku 30 kubadilisha leseni. Nunua kwanza bima ya Florida, maana bila hiyo hawasajili. Usajili wa kwanza una ada ya ziada ya dola 225, na namba ya chasisi lazima ithibitishwe. Kima cha bima kinachotakiwa ni dola 10,000 za matibabu yako na 10,000 za mali ya mwingine. Hakimlazimishi mwingine kuwa na bima ya kukulipa akikuumiza, kwa hiyo ongeza kinga dhidi ya madereva wasio na bima. Chukua E-Pass, kifaa cha kulipia barabara, siku ya kwanza. Barabara za kulipia za 408, 417, 429 na 528, ukipita bila kifaa wanapiga picha namba ya gari na unalipa karibu maradufu.

Nyumbani adui ni unyevu. Kiyoyozi kinatoa maji kupitia bomba dogo, ukungu unaliziba, swichi ya usalama inazima mashine yote, na kawaida inatokea Julai. Kila mwezi mimina kama robo lita ya siki kwenye tundu la bomba hilo karibu na mashine, na badilisha chujio. Mei na Septemba kuna vidudu wanaoruka wawiliwawili na kupasukia kwenye gari. Vioshe siku ileile, vikikauka juani vinakula rangi. Kiangazi mvua ya radi hupiga karibu kila alasiri. Usiingie ziwa lolote jioni, mamba wako hata kwenye bwawa dogo la mtaani. Msimu wa vimbunga ni 1 Juni hadi 30 Novemba. Ian, Septemba 2022, ilifurisha sehemu za Kissimmee na Orlando, mbali na bahari. Bima ya kawaida hailipi mafuriko, na ile ya mafuriko kwa kawaida huanza kufanya kazi baada ya siku 30, kwa hiyo haina maana kuinunua kimbunga kikishatangazwa. Hoteli huwa na kikosi kinacholala kazini wakati wa dhoruba. Jua mapema kama jina lako litakuwemo, ili shemeji na watoto wasibaki bila gari.

Sasa mji wenyewe. Orange County imepewa jina la machungwa, na baridi kali za Desemba 1983, Januari 1985 na Desemba 1989 ndizo zilizoua mashamba na kufungua njia ya mitaa unayoiona leo. Eatonville, kaskazini tu ya Orlando, ulisajiliwa 1887 na Wamarekani weusi waliokuwa wametoka utumwani. Zora Neale Hurston alikulia hapo, na kila Januari kuna tamasha la jina lake. Parramore, magharibi ya I-4, ni mtaa wa kale wa weusi uliokatwa na barabara hiyo. Hoteli ya Wells'Built, iliyolaza wanamuziki weusi enzi za ubaguzi, sasa ni makumbusho. Mills 50 ni ya Wavietnamu. Kissimmee na BVL ni Puerto Rico tupu, hasa baada ya kimbunga Maria cha 2017. Kwenye maduka yao utapata muhogo, magimbi na ndizi mbichi bila kuhangaika. Baada ya mauaji ya watu 49 kwenye Pulse, klabu ya usiku ya mashoga, 12 Juni 2016, wenyeji walipanga foleni ndefu kuchangia damu. Mwenyeji akikusimulia, sikiliza tu.

Jumapili peleka watoto Lake Eola kwenye soko na mabata-maji, bure. Wekiwa Springs maji ni nyuzi 22 mwaka mzima, gari dola 6, lakini kiangazi fika kabla ya lango kufunguliwa maana huwa linajaa na kufungwa. Pasi nafuu za Disney za mwaka ni za wakazi wa Florida pekee na zina siku zilizozuiwa, nyingi wikiendi na sikukuu. Ukiwa na zamu za wikiendi hilo halikudhuru. Ndani ya Animal Kingdom kuna Harambe, kijiji cha mwaka 1998 kilichoigizwa kutoka Lamu, kuta za chokaa na maandishi ya Kiswahili, kwa hiyo watoto wataulizwa sana shuleni kama kwao ndivyo palivyo.

Ukishajua zamu ni ya saa ngapi na siku zipi za mapumziko, andika hapa, tuchague mtaa kwa kuangalia barabara za saa hizo.