Ukuta umeanguka, hati za babu zimelowa

SWALI: Mhariri, maji ya Mto Rufiji yaliyotuingilia Aprili hii ya 2024 yameangusha ukuta wa nyumba na kulowesha sanduku la marehemu babu, lenye hati za herufi za Kiarabu. Nianzie wapi? (Msomaji, Rufiji)

JIBU: Pole sana, ndugu yetu. Piga picha za ukuta kabla hujaondoa kifusi, kisha uende nazo kwa mtendaji wa kijiji ili jina lako liingie katika orodha ya waathirika, kwani asiyeorodheshwa husahaulika misaada inapogawiwa.

Hati ndizo zinazonitia wasiwasi zaidi, maana ukungu huweza kuanza ndani ya siku mbili. Zitoe sandukuni leo, uzilaze kivulini penye upepo, wala usibandue kwa nguvu kurasa zilizogandana. Tia karatasi nyeupe za kunyonya maji katikati, uzibadilishe kila zinapolowa. Matope usiyasugue, kwa kuwa wino wa zamani huchujuka. Yakishakauka, yafagie taratibu kwa brashi laini. Baadaye wasiliana na maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, inayohifadhi hati za namna hiyo, uulize kama wanaweza kuzinakili huku zenyewe zikibaki mikononi mwa ukoo.