Bati moja, mapipa mawili: kwa nini ujazo haulingani?

SWALI: Mhariri, mimi ni fundi bati hapa Morogoro. Mteja aliniletea mabati mawili bapa, kila moja la mita 2 kwa mita 1, nimtengenezee mapipa ya maji yasiyo na kifuniko. La kwanza nililikunja ule upande wa mita 2 ukawa mzingo. La pili nikalisimamisha, mzingo ukawa mita 1. Sasa anadai kwamba pipa refu linachukua nusu tu ya maji ya lile fupi, na anashuku kuwa nimempunja. Inawezekanaje, ilhali mabati yalikuwa sawa?

JIBU: Ndugu fundi, mteja wako amepima sawasawa, nawe hukumpunja. Bati ulilokunja huamua eneo la ubavu wa pipa, ambalo ni mita 2 za mraba kwa mapipa yote mawili. Lakini ujazo hupatikana kwa kuzidisha eneo la kitako kwa kimo, na eneo la kitako hufuata kipeo cha pili cha nusukipenyo. Kwa hiyo mzingo ukiongezeka maradufu kitako huwa kikubwa mara nne, na kwa kuwa kimo kimepungua kwa nusu tu, ujazo bado hubaki maradufu. Pipa pana lenye nusukipenyo ya sentimita 31.8 linachukua lita 318, na lile jembamba, lenye sentimita 15.9, linachukua lita 159.

Mteja asisahau, hata hivyo, kwamba pipa pana lilihitaji kitako kikubwa zaidi. Hata kitako kikijumlishwa, bado lina nafuu: kila lita yake imegharimu sentimita za mraba 73 za bati, na ya pipa jembamba 131.

Je, basi, pipa lizidi kupanuliwa tu? La, kwa maana mwisho wake hugeuka sinia, na kitako ndicho kinachomeza bati. Pipa lisilo na kifuniko hutumia bati kidogo kuliko yote pale kimo kinapolingana na nusukipenyo. Lenye kifuniko, pale kimo kinapolingana na kipenyo kizima. Hesabu hiyo haigusi vipande vinavyotupwa: duara likikatwa kutoka bati la mraba, zaidi ya sehemu moja ya tano ya bati hubaki pembeni, ndiyo maana fundi makini huliacha pipa liwe refu kidogo kuliko kanuni inavyodai.

Umbo linaloshinda yote ni tufe. Kwa ujazo wa lita 1, uso wa tufe ni sentimita za mraba 484, wa mche duara ulio bora 554, wa mchemraba 600, na wa kisanduku bapa cha sentimita 50 kwa 20 kwa 1 ni 2,140. Wataalamu wa hesabu waliliamini jambo hilo tangu zamani za Wagiriki, ila uthibitisho kamili wa ushindi wa tufe ulitolewa na Hermann Schwarz mwaka 1884. Kwa fundi bati tufe halina faida kubwa, kwa kuwa bati bapa halikubali kukunjwa likawa tufe bila kukatwa na kuungwa mara nyingi.

SWALI: Nikitaka tangi lenye vipimo vyote maradufu ya nililonalo, ninunue bati maradufu? (Msomaji, Nakuru)

JIBU: Nunua mara nne, nalo litabeba maji mara nane. Lakini bati la unene uleule huenda lisitoshe: shinikizo la maji kitakoni huongezeka maradufu pamoja na kimo, na kwa kuwa nusukipenyo nacho kimeongezeka maradufu, mvutano katika ukuta wa chini huwa mara nne ya ule wa tangi dogo.