Fundi wa taili anataka pesa zote mbele, nimpe?

SWALI: Asalam aleikum shangazi, niko Malindi, sakafu ya simenti hapa nyumbani imeanza kumeguka nataka kuweka taili, mama yangu mtu mzima anatembea na mkongojo, nichague zipi? Na fundi anataka pesa zote kabla ya kuanza.

JIBU: Waaleikum salam mwanangu. Pesa zote usimpe hata kidogo! Mpe ya kuanzia, nyingine akifika nusu, ya mwisho ushike mpaka ukague, na vifaa nunua mwenyewe. Kukagua ni hivi, chukua sarafu ugonge kila taili hasa kwenye pembe, ukisikia inalia kama debe tupu ujue chini kuna uwazi. Jikoni kwangu fundi aliweka matonge matano tu ya simenti chini ya kila taili, siku tumesukuma friji zikapasuka tatu, niliumia sana. Gundi au simenti ya kubandikia inatakiwa ienee chini ya taili yote.

Kwa mama, zile za kung'aa achana nazo, zikimwagikiwa maji zinateleza vibaya na mchanga wetu wa pwani unazikwaruza mapema. Tafuta zenye uso wa kukwaruza kidogo, uende dukani na mama mwenyewe azikanyage. Ongeza 10% za kukatwa na kuvunjika, na uangalie namba ya loti, yaani ya kundi lililotengenezwa pamoja kiwandani, ifanane kwenye kila katoni, la sivyo rangi zinaweza kutofautiana.

Ile simenti inayomeguka lazima ichimbuliwe kwanza, fundi asikudanganye ati gundi itashika juu yake.