Stoo ya vioo: panga shiti kwanza, glovu baadaye

Mkuu, umesema umepata fremu ya duka Nyakato, unafungua karakana ya vioo na aluminiamu ukiwa na vijana wawili, na unauliza ununue glovu zipi na shiti zako, yaani vioo vizima ambavyo havijakatwa, uzipange vipi. Nimekaa kwenye kazi hii miaka mingi hapa Mwanza, kwa hiyo nitakujibu kwa kirefu. Naanza na swali la pili, maana hilo ndilo linaloua watu.

Glovu inazuia kukatwa, haizuii uzito. Piga hesabu: kila milimita 1 ya unene wa kioo ni kilo 2.5 kwa mita moja ya mraba. Shiti ya futi 8 kwa 6 yenye milimita 6 inafika kilo 67. Ukisimamisha 20 kwenye raki moja una zaidi ya kilo 1,300, zote zimesimama kwenye kingo nyembamba mbele ya kijana mwenye kilo 60.

Sasa angalia zinavyoangukia mtu. Mteja anataka bronzi, kioo cha rangi ya kahawia, ya milimita 5, na bronzi iko nyuma ya vioo vyeupe visivyo na rangi. Kijana anavuta za mbele moja moja, anaziegemeza begani, mwenzake anachungulia nyuma. Zikiwa zimeegemea raki, raki ndiyo inayobeba. Zikifika wima anaziona nyepesi kabisa, anadhani anaweza kuongeza nyingine mbili. Zikivuka wima kidogo tu, mzigo unahamia kwake, na kadiri zinavyoinama ndivyo zinavyozidi kumlemea. Hapo hata mwite jirani, hazirudi. Karakana moja niliyofanyia kazi zamani, kijana alibanwa hivyo hivyo akavunjika paja, na tajiri akawa anamlaumu eti hakushika vizuri. Mpaka leo jambo lile linaniuma. Yule kijana alifanya alichoagizwa kwenye stoo ambayo haikumpa njia nyingine ya kuifikia bronzi.

Kwa hiyo kila aina na kila unene uwe na chumba chake kwenye raki, na nguzo za chuma zitenganishe chumba na chumba. Bora uwe na shiti chache kwenye vyumba vingi kuliko rundo moja nene. Bronzi ikiwa na mahali pake, hakuna atakayepekua. Hili likikushinda kwa sababu ya nafasi, punguza mzigo unaonunua, usiongeze rundo.

Raki yenyewe ilale kidogo nyuma: kwa kila mita ya kimo, shiti isogee nyuma sentimita 8 au 9 hivi. Ukisimamisha shiti wima kabisa, mtu akiigusa inaanguka mbele. Chini weka mbao zilizovikwa mpira au zulia kuukuu, kioo kisiguse saruji wala chuma. Raki ifungwe ukutani kwa bolti, na ukuta uwe wa kweli, siyo kiukuta cha tofali nyembamba walichojenga kutenganisha fremu na fremu. Kama ni raki ya pande mbili inayosimama katikati ya karakana, pakia na upakue pande zote kwa uwiano, la sivyo upande mzito unaiangusha yote. Na usilaze shiti bapa sakafuni ukazipanga juu ya nyingine; chembe moja ya mchanga katikati inatosha kuzipasua.

Siku shehena inapofika, kreti, lile sanduku la mbao lililobeba shiti, iegemezwe kwanza ndipo mikanda ikatwe, na anayekata asimame ubavuni. Mbele ya kreti asikae mtu, hata dereva anayetaka kupiga simu.

Kuna agizo moja vijana wako walisikie siku ya kwanza kutoka kinywani mwako: shiti ikianza kuanguka, iache, ruka pembeni. Kisha usimkate mtu mshahara kwa kioo kilichovunjika namna hiyo. Tajiri anayekata mshahara anawafundisha vijana wadake kioo kwa mikono, halafu anashangaa mishipa ya kiganjani ikikatika.

Mvua nayo ina hasara yake. Unyevu ukiingia kati ya shiti na kukaa humo, uso wa kioo unaliwa, unatoka madoa meupe au ya rangi rangi yasiyofutika kwa sabuni. Usiondoe karatasi au unga wa kutenganisha uliokuja kati ya shiti, ziba bati linalovuja, na uza za zamani kabla ya mpya.

Glovu sasa. Chukua zile nene za kuzuia kukatwa zenye mpira kiganjani, na mikono ya nguo nzito ifike kwenye kiwiko. Buti zilizofunika vidole, miwani wakati wa kukata na kusaga kingo. Kandambili marufuku, hata kwa mteja anayeingia ndani. Meza isafishwe kwa brashi, kamwe siyo kwa kiganja. Kusaga iwe kwa maji, vumbi lisiruke. Mtu akikatwa, bana jeraha kwa kitambaa safi, inua mkono, mkimbize hospitali. Kipande kilichozama usikichomoe. Muulize na chanjo ya pepopunda.

Ukipeleka kazi Mabatini au Bugarika juu kwenye mawe, nenda kaione njia kabla ya kubeba. Peleka asubuhi: mchana upepo wa ziwani unaligeuza shiti kuwa tanga, na watu wawili kwenye ngazi za mawe hawalishindi.

Karatasi za serikali usiziache. Sajili karakana OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya kazini; Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 inakutaka hivyo, na wachangie vijana wako Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Mchango huo ni wa mwajiri, usiwakate wao.

Ukishapima fremu, weka hapa urefu wa kuta, upana wa mlango na aina za vioo unazotaka kuanza nazo. Nitakuchorea raki na hesabu ya vyuma.